MREJESHO: Seva ya Mastodon ya ushirika, diski imeacha kujaa

Wakuu, niliuliza kwa nini diski ya GB 80 ya seva ya Mastodon (mtandao wa kijamii ambao kila kundi linaweza kuendesha seva yake) ya ushirika wetu wa waprogramu inajaa ilhali watumiaji ni wachache. Mliosema ni kashe (nakala za muda) mlipatia. `tootctl media usage` (tootctl ni zana ya amri ya Mastodon) ilionyesha wazi: mzigo si picha zetu, ni nakala za picha na video za seva nyingine, zimerundikana kwenye `public/system/cache`.

Dawa ni `tootctl media remove --days 7`, inayofuta nakala zilizozidi siku 7. Picha iliyofutwa huvutwa upya mtu akiifungua, mradi seva ya asili ingali hai.

Kilichosumbua zaidi ni kroni, inayoendesha amri hiyo yenyewe kwa ratiba. Ukiiandika kwa mkono amri inakubali, usiku inagoma, eti haioni ruby, lugha inayoendesha Mastodon. Kroni haisomi `.bashrc` (faili la mipangilio ya terminal), kwa hiyo haijui rbenv, kinachosimamia matoleo ya ruby, iko wapi. Juu ya crontab (faili la ratiba ya kroni) ya mtumiaji wa Mastodon weka PATH (orodha ya folda za kutafutia amri) inayoanza na `/home/mastodon/.rbenv/shims`, halafu `RAILS_ENV=production`, ili amri itumie mipangilio ya seva halisi. Andika njia nzima. `$PATH` humo haipanuliwi.

Aliyependekeza `tootctl statuses remove` (kufuta machapisho ya zamani ya seva nyingine), hiyo bado. Postgres, hifadhidata yetu, hairudishii diski nafasi ya maana bila VACUUM FULL (kuliandika upya jedwali), nayo hufunga jedwali zima hadi imalize. Tunasubiri wanachama wapige kura tuzime seva saa ngapi.