Tupeane uzoefu: safari ya kwenda kumzika bibi au babu mkoani

Mjukuu wa Muleba
Wakuu, leo stendi ya Mbezi nimemwona dada kajifunga khanga, kakaa juu ya begi analia, tiketi ya Bukoba mkononi. Nikamkumbuka bibi yangu. Enzi hizo mabasi hayatembei usiku, ruhusa imekuja 2023, basi likalala Kahama huku nyumbani kaburi limeshachimbwa. Nilikuta wameshafukia, migomba ya pembeni imekanyagwa. Nyie ilikuwaje?

Binti Pangani
Pole. Mimi nilikuwa kazini Muscat, pasipoti anayo mwajiri. Babu kafariki alfajiri, adhuhuri keshazikwa. Nikamsalia ghaibu chumbani kwangu.

Wa Kihambani
Ndiyo maana sisi tunasubiri. Mochwari ipo, watoto wote wafike.

Binti Pangani
Kumsitiri maiti mapema ndiyo heshima yake. Uchungu wangu ni pasipoti, siyo dini yangu.

Wa Kihambani
Sijagusa dini ya mtu, dada.

Mngoni Mweusi
Mimi nilipigiwa simu: "Bibi kazidiwa, anakuulizia." Bibi ndiye aliyenilea. Nikanunua maziwa ya unga na shuka zito, Songea baridi, nikapanda basi. Njiani simu haishiki mtandao. Tunapandisha Kitonga, meseji zikaingia kwa mpigo. Nafungua, naona shangazi kaweka picha ya bibi: "Pumzika kwa amani mama." Nilipiga yowe sijui lilitoka wapi. Mama wa siti ya pili akaninyang'anya simu akanikumbatia, dereva akazima muziki. Tulipofika Makambako konda akapita na kofia siti kwa siti. Watu hawanijui, wananitolea rambirambi! Kufika nyumbani, turubai limeshafungwa, nimekumbatia maziwa ya mgonjwa. Lile shuka shangazi alilichukua, ndilo alilofunikwa nalo bibi kwenye jeneza.

Mama Wawili
Jamani nimelia ofisini.

Kijana wa Singida
Huyo konda Mungu ambariki popote alipo.

Mjukuu wa Muleba
Ila huu mtindo wa "kazidiwa" ukome. Mtu aambiwe ukweli.

Mama Wawili
Aambiwe akiwa wapi? Shemeji yangu aliambiwa akiwa anaendesha, gari likaingia mtaroni. Mpigieni mtu aliye naye, ndiye amwambie.

Mngoni Mweusi
Bora ningeambiwa. Nilimwombea apone njia nzima wakati keshalala.

Mke wa Babu
Pole sana mpenzi. Mimi wa babu nilizuia jeneza mlangoni, mume wangu hatoki mpaka nilipwe! Wajukuu ndio watani, tusiache wafiwa wazimie.

Wa Kihambani
Utani uwe na kiasi, wengine mnachelewesha ibada.

Kijana wa Singida
Ushauri: ukisikia "kazidiwa", weka nguo nyeusi kwenye begi.

Mama Wawili
Thubutu! Huko ni kumchuria mgonjwa. Beba khanga mbili, akipona utampa, akifa utajifunga.