Naomba ushauri: mwanafunzi wangu ana kigugumizi

MwalimuMgeni: Asalaam aleikum wanajamvi. Nasomea ualimu wa msingi, niko mazoezini hapa Lamu, gredi ya 3. Juzi nilionyesha picha ya mashua. Kijana mmoja akawahi kunyoosha mkono: "M-m-m..." Shingo ikamsimama, macho akayafumba, mara akatoa haraka: "Dau!" Nikamwambia amekosea. Usiku nikajiuliza, mtoto wa mtaa wa Langoni, hapa hapa Lamu, asijue mashua na dau? Alijua, ila neno lilimkatalia akashika la karibu. Tangu hapo hanyooshi tena. Chuoni jambo hili tulipitishwa juu juu. Wenzangu wasema ni woga, nami nilikuwa nikimwambia, "Vuta pumzi, sema polepole." Nifanyeje?

MamaMatondoni: Mwalimu, si woga. Wangu alianza ana miaka mitatu, na babake anacho, na ami yake pia. Hukaa kwenye damu. Woga huja baadaye, kwa kuchekwa. Hiyo "vuta pumzi" humwongezea mzigo, maana sasa apigane na neno na pumzi pia. Usimmalizie neno hata ukilijua. Mtazame kama kawaida, ungoje.

Nahodha_Shela: Atakiacha akikua. Mimi nilikiacha.

Bi_Mkubwa: Alhamdulillahi kwako, kaka. Katika watoto 100 kama 5 hupitia kigugumizi, na wengi hupona wenyewe. Ukubwani hubaki kama mtu 1 kwa 100. Lakini huyu ana miaka minane, tisa. Asingojewe. Mwalimu, kaa na wazazi, kisha ulizeni ofisi ya elimu kituo cha EARC kilicho karibu, kile cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu, mtoto apimwe.

UstadhLangoni: Katika chuo changu cha Kurani ninaye kama huyo. Akisoma na wenzake kwa pamoja, hakwami hata herufi. Nilidhani akiwa peke yake ananifanyia makusudi, nikamkaripia. Allah anisamehe. Msomeshe na mwenzake, wawili kwa sauti moja.

MwalimuMgeni: Shukrani nyote. Leo nilimwita kando, nikamwomba radhi kwa ile mashua, nikamuuliza nini kinamsumbua zaidi. Si kusoma, asema. Ni kungoja. Tukisoma kwa kufuata madawati, huhesabu vichwa mpaka zamu yake, wala hasikii kinachosomwa. Ameniomba nimtangulize.