Tupeane uzoefu: umewahi kuwania tiketi ya Kombe la Dunia la Chesi? Ilikuwaje?

Ngome_H1
Wakuu, salaam. Tangu Mwuzbeki Javokhir Sindarov atwae Kombe la Dunia kule Goa, India, mwaka 2025, nimekuwa nikiwaza njia waliyopita wale wachezaji 206 hadi kufika. Wengi huanza kufuatilia mtoano ukishaanza. Kwangu mimi mashindano huanza miezi mingi kabla, kwenye kumbi zisizo na kamera hata moja. Waliowahi kupita huko, njooni. Uwe ulifuzu au uliishia njiani, tusimulie.

Naanza. Mashindano yetu ya kanda yalikuwa ya raundi 9, tiketi moja tu. Tunaingia raundi ya mwisho, nimelingana pointi na kinara. Yeye yuko ubao wa kwanza, mimi wa pili. Nimecheza hatua ya 27, nikainuka kumchungulia: kapungukiwa farasi mzima, na saa yake imebaki dakika 4. Moyo ukanidunda. Nikarudi kukaa. Nafasi yangu ilikuwa nzuri, ngome imeshaingia mstari wa saba, lakini nikaona ya nini kujihatarisha wakati mwenzangu keshaanguka. Nikacheza ya 28, nikaomba sare. Tukapeana mikono.

Nikatoka kunywa maji. Kurudi, watu wamejazana ubao wa kwanza. Mpinzani wa kinara kaharakisha, kaacha malkia bila ulinzi, kaliwa. Kinara kashinda. Nusu pointi, wakuu. Nusu.

SafuYaKati
Pole sana mkuu. Hiyo inauma kuliko kufungwa.

Swali la mgeni: hao 206 wanapatikanaje? Wote wanatoka kwenye kanda?

Kocha_Mzee
Hapana ndugu, milango ni mingi. Kuna wanaotoka mashindano ya bara na ya kanda. Kuna wanaoingia kwa reting, yaani alama za ubora wa mchezaji, hao huwa tayari wana majina. Bingwa wa dunia wa wanawake ana nafasi yake, bingwa wa vijana pia, na waliofika nusu fainali ya kombe lililopita. Halafu zipo nafasi za mashirikisho kulingana na matokeo ya Olimpiadi ya chesi, na chache za uteuzi wa rais wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia.

Raundi ya kwanza wanacheza 156. Wale 50 wa juu wanapumzika, wanaingia raundi ya pili pamoja na washindi 78, jumla 128. Kuanzia hapo ni kukatwa nusu kwa nusu. Watatu wa juu wanakwenda Mashindano ya Wagombea, ambako anapatikana wa kumkabili bingwa wa dunia. Ndiyo maana ile mechi ya mshindi wa tatu huchezwa kwa jasho kama fainali.

Anayetoka kanda mara nyingi hupangwa na mtu mzito. Mganda Arthur Ssegwanyi alifika Baku mwaka 2015, raundi ya kwanza tu akakutana na Mholanzi Anish Giri, mmoja wa wakali wa dunia. Alifungwa 2-0, lakini alifika, na mimi naheshimu sana kufika.

Sasa langu. Nilikuwa na mwanafunzi kwenye mtoano wa kuwania uwakilishi. Mtindo ni uleule wa Kombe la Dunia: michezo miwili mirefu, mkilingana mnaingia ya haraka. Mchezo wa kwanza akashinda kwa kete nyeusi! Usiku ule nikamfundisha vibaya, nakiri. Nilimwambia, "Kesho una nyeupe, unahitaji sare tu, badilishana kila kitu." Akabadilishana kweli. Malkia walitoka mapema, kila hatua akijibu kama mtu anayefunga milango. Mwenzake akawa anasogea taratibu, askari mmoja, kisha mwingine, mpaka mfalme wa kijana wangu akakosa pa kukanyaga. Kwenye michezo ya haraka ya dakika 25 alikuwa keshavunjika.

Hata wakubwa yamewakuta: mwaka 2015, kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya michezo minne, Mrusi Peter Svidler aliongoza 2-0 dhidi ya Mrusi mwenzake Sergey Karjakin. Alibakiza sare moja tu. Karjakin akashinda miwili mfululizo, wakaingia michezo ya haraka, akachukua kombe kwa jumla ya 6-4. Michezo 10, hakuna hata sare moja. Nafasi hiyo ya kuhitaji kidogo tu inatisha jamani.

Farasi_Wawili
Mimi nilicheza mwaka wa korona, kuelekea Sochi 2021. Tulicheza kwa mseto: unakaa ukumbini, mwamuzi yuko pembeni, ila mpinzani yuko nchi nyingine na mnacheza kwenye kompyuta. Raundi ya tatu nilikuwa nambana mtu. Nikavuta ngome kwa mausi kuipeleka mraba wa e8, kidole kikaachia mapema, ikatua e7. Nikainua mkono, mwamuzi akaja, akatazama skrini, akatikisa kichwa. Imeshachezwa. Kwenye ubao wa mbao mkono wangu haujawahi kukosea mraba.

Dada_Malkia
Kaka zangu, msisahau Kombe la Dunia la wanawake lipo pia, tangu 2021. Batumi 2025 Divya Deshmukh wa India, miaka 19, alimshinda Mhindi mwenzake Humpy Koneru kwenye fainali kwa michezo ya haraka. Kwa ushindi huo akapewa ugrandmasta, cheo cha juu cha mchezaji wa chesi, papo hapo. Nililia mbele ya simu.

Langu ni fupi. Shirikisho letu lilipata nafasi moja ya kuteua. Nilikuwa na matokeo bora mwaka ule, karatasi ninazo. Jina lilitoka la mwingine, bila barua, bila maelezo. Mwenzangu aliyekwenda simlaumu, alicheza kwa moyo wote. Ninachodai ni kwamba vigezo viandikwe kabla ya msimu, kila mtu avisome.

Kocha_Mzee
Naunga mkono dada, kwa mikono miwili. Uteuzi usio na vigezo unaua vipaji kuliko kufungwa.

SafuYaKati
Mkuu Ngome_H1, ulishawahi kuupitia tena ule mchezo wako?

Ngome_H1
Niliupitia mwezi uliofuata, nilipopata nguvu. Nilikuwa na ushindi wa hatua tano, si mgumu hata kidogo. Karatasi ninayo mpaka leo: hatua ya 28, pembeni alama ya (=) ya kuomba sare kwa mwandiko wangu, na chini yake mistari mitupu hadi 60.

Mzunguko wa 2027 ninaingia tena. Safari hii siinuki kwenye kiti.