Naomba ushauri: mama wa shujaa anapomtembelea mwanawe katika katuni

Ndugu zangu, ninaandika mswada wa sehemu moja ya mfululizo wa katuni za safari na mapambano, na nimekwama pale mama anapomtembelea mwanawe wa miaka 12 katika kisiwa anachokilinda pamoja na wenzake. Mama huyu hakosi upendo, ila tangu anaposhuka chomboni anamrekebisha kola, anawahoji rafiki zake, anaificha ramani, na joka linapotokea yeye ndiye anayetoa amri, hata mwanawe, aliyekwisha kuokoa kijiji kizima, anasimama kimya kama mtoto wa kubebwa.

Sehemu yote ina dakika 11 tu. Nikimfanya mama akosee vibaya ili mwana amwokoe, nachelea kwamba watazamaji wadogo watafundishwa kumcheka mzazi. Nikimfanya aombe radhi upesi, sitaamini mwenyewe nilichoandika, kwa maana hofu iliyolelewa miaka mingi haiyeyuki kwa sentensi moja.

Nimefikiria kovu: mama analiona mkononi mwa mwanawe, naye hakuwahi kusimuliwa habari zake katika barua hata moja. Uzuri wa katuni ni kwamba jambo kama hili laweza kuonyeshwa kwa uso na mkono pekee, bila neno.

Je, kovu hilo lionekane mapema, ili tuielewe hofu ya mama, au baada ya joka? Na mtoto atamkatalia vipi mama yake mbele ya wenzake bila kumvunjia heshima?