Mrejesho: Jarida la wanafunzi limekaa sawa

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliomba ushauri wa kupangilia jarida la wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Temeke. Tulikuwa na kurasa 18, aina 7 za herufi na picha za simu. Nimerudi kushukuru.

Kilichotuokoa ni ule ushauri wa kurasa. Karatasi ya A3 ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4 za A4, kwa hiyo jarida la kubana pini katikati lazima ligawanyike kwa 4. Kumi na nane haikubali! Tukaongeza 2, zikawa 20. Ukurasa mmoja tulimpa binti ambaye mashairi yake tuliyaacha mwanzoni, na sasa ndio ukurasa ninaoupenda kuliko yote. Tulikunja karatasi chakavu, tukaandika namba kwa kalamu, watoto wakaona wenyewe kwa nini ukurasa wa 1 unakaa karatasi moja na wa 20.

Herufi zimebaki aina 2. Picha zilizobanwa na WhatsApp tuliomba zitumwe upya kama faili. Picha za ukingoni tumezipitisha milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, ili karatasi ikikatwa pasibaki ukingo mweupe.

Kesho naenda Kariakoo kuchukua nakala ya majaribio.