Je, kumkataza mtoto Kiswahili shuleni kutamfunza Kiingereza?

Mama wa Kisauni (mwenye mada):
Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Wiki jana mwanangu wa gredi ya pili alishinda na kibao shingoni. Kosa lake ni kuomba maji kwa Kiswahili. Nikaelezwa kuwa Kiswahili ndicho kinachomharibia Kiingereza. Mimi nakataa, na anayepinga apinge.

Fikra hiyo ni kongwe. Mwaka 1957 mwanaisimu Robert Lado wa Marekani aliandika kwamba pale lugha mbili zinapofanana mwanafunzi hupita kwa wepesi, na pale zinapotofautiana hukwama. Mwaka huohuo mwanasaikolojia B.F. Skinner akaieleza lugha kuwa mazoea: wasikia neno, waiga, watuzwa, lakaa. Ziunganishe hizo mbili, lugha ya mama yageuka tabia mbaya ya kuvunjwa. Mwanaisimu Noam Chomsky alimjibu Skinner mwaka 1959: mtoto husema sentensi ambazo hajapata kuzisikia. Basi kaziiga kwa nani?

Ushahidi tunao hapa hapa. Mgeni wa bara akishuka Mwembe Tayari utamsikia, "Nataka kukuja." Amesikia anakuja, tutakuja, wamekuja, akadhani shina ni "kuja", akalitia "ku" kama ya kusoma na kula. Hapo ametunga kanuni kwa akili yake. Mwanaisimu Pit Corder alilisema hilo mwaka 1967, kwamba kosa humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi. Mwanangu naye husema "goed" badala ya "went", na watoto waliozaliwa Uingereza husema vivyo hivyo. Kiswahili kimeingilia wapi?

Ustadh, Mji wa Kale:
Wa aleikum salaam, dada. Mazoea usiyatupe. Madrasa twafundisha kwa kurudia, na mtoto asiyejua Kiarabu husoma juzuu nzima, kila herufi na makhraja yake, yaani pale inapotokea kinywani.

Mama wa Kisauni:
Ustadh, kwenye matamshi sikubishii, kurudia kuna kazi yake. Lakini mtoto huyohuyo hawezi kuomba maji kwa Kiarabu, maana madrasa haikukusudia hilo. Shule yataka azungumze.

Mwalimu wa Likoni:
Nafundisha Kiingereza mwaka wa 14 huu. Lado hakukosea pote, mama. Wanafunzi wangu humwita dada yao "he", kwa kuwa "yeye" yetu haibagui mke na mume. Hilo limetoka kwetu, tukubali. Ila kibao sijaona kikilitibu. Nilipoacha kukivisha, wale waliokuwa kimya viti vya nyuma walianza kuuliza maswali, kwa Kiingereza kibovu, lakini waliuliza. Mwaka 1972 mwanaisimu Larry Selinker alionyesha kuwa lugha ya katikati, ile ya mwanafunzi ambaye bado anajifunza, ina mpangilio wake, si takataka. Mtoto aliyefungwa mdomo hata hiyo ya katikati haipati.

Baba, Changamwe:
Maneno mazuri, lakini mtihani wa gredi ya sita waja kwa Kiingereza. "Goed" ataisahihisha nani?

Mama wa Kisauni:
Nitaisahihisha mimi, kaka, na mwalimu wake pia. Sijasema asisahihishwe. Jioni akiniambia "I goed to the shop", namrudishia, "You went to the shop? Ukanunua nini?" Naye huendelea kunisimulia. Akivishwa kibao hanisimulii kitu.