NYUMBA YA MZEE (kikundi cha familia)

JUMATATU

Dada Rehema: Habari za jioni ndugu zangu. Watu wa umeme wamebandika karatasi mlangoni kwa Mama. Alhamisi wanakuja kung'oa mita ya zamani, wanaweka ile janja inayojisomea yenyewe. Naomba kila mtu asome na ajibu. KILA MTU.

Dada Rehema: [picha]

Dada Rehema: Mmeiona?

Dada Rehema: Naona saba wameshasoma. Saba, na hakuna mdomo.

Idi: Tunatafuta miwani

Dada Rehema: Idi usianze

Idi: Nauliza tu, hiyo ni picha ya karatasi au ya kidole?

Zuhura: Baba ni mimi nimepiga 🙈 Inasema watafika kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, awepo mtu mzima, na umeme utazimwa kidogo wakati wa kubadilisha

Dada Rehema: Asante mwanangu. Wewe peke yako ndiye mwenye akili humu.

Shangazi Kidawa: [Imesambazwa mara nyingi] ONYO KWA FAMILIA ZOTE!!! Mita mpya zinatoa mionzi usiku na mchana, mimea inanyauka, paka wanahama nyumba. Watumie watu kumi uwapendao kabla hujalala!!!

Idi: Nyau wa Mama akihama tujue naye yumo kikundini

Yusufu: Mama, hiyo simu uliyotumia kutuma inatoa mawimbi ya aina hiyohiyo, na unailaza chini ya mto

Shangazi Kidawa: Unanijibu mbele za watu Yusufu?

Yusufu: Samahani Mama, naeleza tu. Mita nyingi zinatuma habari kwa redio kama simu, kidogo halafu zinanyamaza. Nyingine zinapitisha habari kwenye nyaya za umeme zilezile, hazina redio. Na ukiwa mbali nayo mara mbili, nguvu ya mawimbi inabaki robo. Mita yenyewe iko ukuta wa nje. Wale wa utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2011 waliyaweka mawimbi ya redio yote, na ya simu yakiwemo, kundi la 2B. Yaani huenda, hawajathibitisha.

Shangazi Kidawa: Huenda si hapana

Idi: Shangazi kafunga kesi 😂

Dada Rehema: Jamani tuache paka. Kwanza nani atakuwepo Alhamisi. Pili akaunti bado ina jina la marehemu Baba. La tatu nitalisema baadaye.

Idi: La tatu ndilo lenye utamu

JUMANNE

Dada Rehema: Habari za asubuhi. Nakumbusha nilichoandika jana.

Dada Rehema: Salma?

Dada Rehema: Baba Mdogo naye tunaomba neno lako.

Hamisi: Mimi sikubali hiyo mita. Kila aliyewekewa analia bili imepaa.

Yusufu: Kaka Hamisi ni kweli wengine inapaa, ila sababu si moja. Ile ya Mzee ni ya kisahani kinachozunguka. Zikizeeka zinakuwa nzito, mzigo mdogo hazioni kabisa. Mpya inahesabu mpaka chaja iliyosahauliwa ukutani. Hujabadilisha kitu ndani, lakini namba inapanda. California mwaka 2009 watu walilalamika sana, mwaka uliofuata mita zikachunguzwa, zilikuwa zinasoma sawasawa. Kilichopandisha kilikuwa joto kali la mwaka ule na bei mpya.

Hamisi: Kwa hiyo mita haikosei? Mashine zote zinakosea.

Yusufu: Inakosea. Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi mwaka 2017 walipima mita 9 za kielektroniki. 5 zilisoma juu mno, iliyozidi zote ilipita kwa asilimia 582. Ila waliziunganisha kwa makusudi na taa za kubana matumizi zenye kile kitufe cha kupunguza mwanga, zile zinazovuruga umeme. Na 2 zilisoma chini, karibu asilimia 30.

Idi: Basi tuombe moja ya hizo mbili

Shangazi Kidawa: 😂😂

Idi: Nitapiga magoti mbele ya fundi kama inabidi

Dada Rehema: Hamisi, kati ya watu wote, wewe ndiye wa kulia bili?

Hamisi: Una maana gani Dada

Dada Rehema: Nina maana ya waya.

Idi: Uwiiii waya umefufuka

Hamisi: Ule waya ulikuwa wa wiki moja. Na Baba mwenyewe alinipa ruhusa.

Dada Rehema: Wiki moja iliyopita masika mawili! Mashine ya kuchomelea, Hamisi. Mashine ya kuchomelea kwenye mita ya Mama! Na ile bili nani alilipa?

Salma: Samahani nilikuwa kazini. Nililipa mimi. Nusu.

Idi: Nusu ya pili inasubiri masika ya tatu

Hamisi: Mimi nimechoka kusemwa kama mtoto. Na tuambizane ukweli. Mkitoa jina la Baba kwenye akaunti mnaweka la nani? Leo jina kwenye mita, kesho kwenye hati.

*Hamisi ametoka kwenye kikundi*

*Dada Rehema amemwongeza Hamisi*

Dada Rehema: Hatoki mtu humu mpaka Alhamisi ipite.

Yusufu: Kwa faida ya wote, mpya inatambua kifuniko kikiguswa, na ina saa yake ndani. Waya kama ule usingebishaniwa. Ingeandika mzigo umepanda saa ngapi na umeshuka saa ngapi.

Idi: Tumeletewa shahidi

Hamisi: Yusufu hakuna aliyekuuliza

JUMATANO

Dada Rehema: Sasa la tatu. Mita hii ina programu yake ya simu. Nataka niiweke kwenye simu yangu. Inaonyesha matumizi kila nusu saa. Mama akiamka huwa anachemsha maji. Nikiona mpaka saa 3 mstari haujapanda, najua kuna jambo, napiga simu. Kwani kuna ubaya?

Zuhura: Shangazi kwa hiyo utaona na sisi tunazima taa saa ngapi?

Dada Rehema: Mwenye kulala mapema ana hofu gani?

Idi: Zuhura kalale

Yusufu: Dada wazo zuri ila uliza kwanza. Nyingi zinaonyesha matumizi ya jana, si ya saa hii. Ukiona Mama hajachemsha maji itakuwa imeshapita siku.

Dada Rehema: Nitauliza. Programu inakaa kwangu, hilo limekwisha.

Salma: Halijaisha Dada. Ukiona kila nusu saa unajua nani yuko ndani, nani kasafiri, nani kalala. Watafiti Ujerumani walisoma mita moja kila sekunde 2 wakaweza kutambua hata filamu inayochezwa kwenye runinga. Ya nusu saa haifiki huko, lakini nyumba tupu inaionyesha vizuri tu. Uholanzi mwaka 2009 Seneti ilikataa mita hizi ziwe za lazima, kisa hichohicho. Tujue kampuni inaziweka wapi hizo habari na inampa nani kabla hatujagawana sisi kwa sisi.

Idi: Mama anaangalia taarifa ya habari na mieleka. Serikali ikijua mieleka tumekwisha

Salma: Idi niko makini

Idi: Na mimi. Mieleka ni saa nzima

Hamisi: Salma kasema kweli. Halafu mmoja ashike jicho la nyumba wengine tubaki vipofu?

Dada Rehema: Jicho gani Hamisi, ni grafu!

Salma: Na kukata je? Zamani alikuja mtu na ngazi, Mama anamweka kivulini wanaongea, anaondoka bila kukata.

Yusufu: Hilo nalo limekwisha. Swichi imo ndani ya mita, inaamrishwa kutoka ofisini. Hakuna wa kuongea naye. Ila kurudisha pia hakuhitaji gari, ukishalipa wanawasha wakiwa kulekule.

Shangazi Kidawa: Kwa hiyo huyo mtu wa ngazi atafanya kazi gani?

Idi: Shangazi hilo swali ni zito kuliko yote ya wiki hii

Zuhura: Jamani ngoja, Bibi anataka kusema. Mimi naandika tu, maneno ni yake.

Zuhura: "Nimesomewa yote tangu Jumatatu. Mita waje waiweke, mimi sina ugomvi na mita. Nimelala na kuamka kwenye nyumba hii kabla hamjazaliwa na sijamwandikia mtu nimeamka saa ngapi. Anayetaka kujua kama nimeamka aje agonge mlango. Jina la baba yenu lisiguswe mpaka niwaite wote mkae mbele yangu, na Hamisi awepo. Habari ya waya niliimaliza na marehemu mwenyewe. Asiifufue mtu."

Baba Mdogo Seif: Shemeji amesema.

Idi: Sawa Mama

Salma: Tumesikia Mama 🙏

Shangazi Kidawa: Wifi yangu huyo

Hamisi: Sawa Mama.

Dada Rehema: Nimesikia Mama. Nisamehe kama nimekukwaza.

Dada Rehema: Lakini Alhamisi ni kesho na bado sijapata jina la mtu.

Dada Rehema: Mtu mzima. Zuhura hahesabiki.

Yusufu: Nina kazi asubuhi, nitafika kama saa 4. Wakinitangulia, Zuhura piga picha namba zinazosomeka kwenye mita ya zamani pamoja na namba yake yenyewe kabla hawajaishusha. Mpya nayo piga kabla hawajaondoka. Wakiishaichukua ile ya kisahani hakuna tena wa kumuuliza iliishia ngapi. Na bila kidole.

Zuhura: 😂 sawa Mjomba

Yusufu: Nikifika nitazima vyote ndani niangalie ile taa nyekundu ya mita. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, ikipepesa mara 1000 ni yuniti moja. Vyote vikiwa vimezimwa na bado inapepesa, kuna kitu kinavuta.

Idi: Kama ni waya wa

Idi: *Ujumbe huu umefutwa*

Hamisi: Nimeuona kabla hujafuta

Idi: Kidole kiliteleza kaka

Hamisi: Kesho nitakuwepo mimi. Kwa ajili ya Mama, si kwa ajili ya kikundi.

Dada Rehema: Saa ngapi? Wanaanza saa 2.

Hamisi: Nitakuwepo.

Dada Rehema: Hilo si jibu la saa. Idi nawe uende, wawe wawili.

Idi: Nitaangalia

Salma: Dada, kuhusu programu, nimesoma masharti. Kujisajili inataka kitambulisho cha mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni Baba. Hata Mama angekubali isingewezekana bila kubadilisha jina.

Dada Rehema: Najua. Hilo tutaliongea pembeni.

Hamisi: Pembeni na nani?